Jina la baba kwenye cheti cha ubatizo halitambuliki na ukoo? Anza na mama

Mkuu, umesema cheti cha ubatizo cha babu yako, kutoka misheni ya huko Songea, kina jina la baba ambalo wazee wenu hawalijui, na sasa ndugu wameanza kunong'ona kwamba babu alikuwa "wa kuja". Hata kwetu lilitokea, kwa baba wa babu yangu, na vitabu hivyohivyo vya kanisa ndivyo vilivyolimaliza.

Cheti ni muhtasari tu. Omba uonyeshwe mstari wenyewe kwenye kitabu cha ubatizo. Utakuta kwa Kilatini wazazi, msimamizi (wengi humdhania baba!), padre, na pembeni maandishi madogo yaliyoongezwa baadaye: kipaimara, na ndoa ilifungwa lini na wapi. Hayo ya pembeni yafuate, maana yanakupeleka kwenye kitabu cha ndoa, ambako wazazi walitajwa upya, safari hii na mhusika mwenyewe akiwa mtu mzima.

Kwetu kitabu cha ubatizo kilitaja baba mmoja, cha ndoa kikataja mwingine kabisa. Mama alikuwa yuleyule kwenye vyote viwili. Ndipo nikaulizia kitabu cha tatu ambacho watu hawakiulizii, Status animarum, yaani orodha ya waumini kaya kwa kaya. Humo yule mama yuko kwa mume wa pili, na watoto wake wakubwa wameandikwa kuwa wa marehemu kaka wa huyo mume. Mjane alirithiwa. Siku ya ubatizo aliyesimama mbele ya padre ni baba mdogo, na kwetu baba mdogo ni baba, basi padre akaandika alichoambiwa. Hakuna aliyedanganya.

Halafu itazame miaka yenyewe. Wamisionari Wabenediktini walianza misheni ya Peramiho, jirani na Songea, 1898. Vita vya Maji Maji vikalipuka 1905, tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakanyonga watu 67 pale Songea, na kwa kuwa walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Watoto waliobaki walilelewa na baba wadogo, wajomba, wengine na misheni. Ubatizo wa miaka iliyofuata, jina la baba lisome kwa tahadhari. Jina la mama nalo laweza kuwa la mlezi, ila kwa niliyoyaona hubadilika mara chache zaidi.

Jina la ukoo pia lisikuhadae. Ungoni, yaani nchi ya Wangoni huko Songea, watu wengi wa makabila yaliyotekwa, waliokuwa wakiitwa wasutu, walichukua majina ya koo za mabwana wao. Akina Gama wawili kwenye ukurasa mmoja si lazima wawe wa damu moja. Hao wanaonong'ona "wa kuja" waanze kwanza kuchimba upande wao, wataona.

Nyaraka za Taifa kule Dar usizikimbilie. Faili za Wajerumani zipo, lakini mtu wa kawaida ni nadra kutajwa humo pamoja na wazazi wake. Afadhali kesi za mirathi na mahari za mahakama za wenyeji enzi za Mwingereza, ukibahatika kuzipata: watu walilazimika kueleza nani kazaliwa na nani. Ila kila shahidi alikuwa na ng'ombe au shamba analoligombea, kwa hiyo usimeze kila neno.

Ukienda parokiani, beba barua ya paroko wako, jina la ubatizo na mwaka wa kukadiria. Parokia nyingi za leo zilikuwa vigango (vituo vidogo chini ya parokia), hivyo kitabu chaweza kuwa parokia mama. Kikikosekana, ulizia jimboni, maana sheria ya Kanisa ya 1917 iliwataka maparoko wapeleke nakala kwa askofu kila mwaka, ingawa si wote waliotii.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa shangazi mkubwa kuliko wote, umuulize mama yake babu aliitwa nani na aliolewa na nani baada ya kufiwa. Usimtajie majina yaliyo kwenye cheti, mwache aseme mwenyewe. Jina la mama likilingana, kinachobaki ni kujua yule baba "asiyejulikana" alikuwa nani kwa marehemu mume wa mama huyo.