Riwaya nzito kwenye maktaba ya shule: kwa mkutubi mpya

Wewe uliyekabidhiwa maktaba ya sekondari mwaka huu, muda si mrefu utashika riwaya ya vijana yenye mambo mazito: mimba, ubakaji, dawa za kulevya, kujiua. Nyingi huja kwenye maboksi ya msaada, hata umri wa msomaji haukuandikwa.

Isome yote. Nasema yote kwa sababu mzazi akija kulalamika atakuja na ukurasa mmoja uliokunjwa pembe, na ni wewe utakayeulizwa kilichotangulia na kilichofuata. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, kisha baadaye ikafundishwa Tanzania na Kenya. Anayefungua katikati ataona uchafu mtupu. Aliyeanza na Zakaria, baba mlevi na mkali, akamfuata Rosa hadi mwisho wake mchungu, anajua wazazi na walimu nao wanasutwa humo.

Mimi natazama tendo limesimuliwaje. Aliyeumizwa anasikika, au yupo tu ili msomaji asisimke? Riwaya inayomsifu mtu mzima anayemrubuni binti wa shule siipokei, hata iwe na Kiswahili kitamu namna gani. Inayoonyesha binti anavyonaswa, na ni nani waliompa kisogo, hiyo nitaitetea mbele ya bodi ya shule.

Mtoto wa kidato cha kwanza si sawa na kijana wa kidato cha sita, kwa hiyo tenga rafu ya kidato cha tatu kwenda juu. Ila usifungie kabatini. Cha kabatini huibwa, kurasa za kitandani zikanyofolewa na kuzunguka bweni zima bila hadithi yake.

Andika sababu zako kabla ya lalamiko: nusu karatasi inatosha, mwalimu wa Kiswahili na wa malezi nao wasome na kutia sahihi. Katazo la wizara ni jambo jingine. Februari 2023 Tanzania ilipopiga marufuku vitabu 16 shuleni, kazi ya mkutubi ilikuwa kuviondoa.

Na mwanafunzi akirudisha kitabu cha namna hii huku anasitasita mezani, usimhoji mbele ya wenzake. Mwambie abaki kidogo akusaidie kupanga vitabu, msikilize, na ikibidi mpeleke mwenyewe kwa mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyohiyo.