Barua kwa mwanangu: mtoto analia getini, mbwa analia ndani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mjukuu wangu, miaka minne sasa na chekechea ndiyo kwanza ameanza, anang'ang'ania kanga yako getini kila asubuhi, na kwa nini majirani wanalalamika kwamba mbwa anabweka mkishaondoka. Ni maradhi au ni kudeka? Wote wawili wanaweza kuwa na hofu ya kutengana, ila kilio cha getini peke yake hakitoshi kuamua. Angalia kinachotokea ukishageuza mgongo, na kinadumu muda gani.

Nianze na mbwa, maana yeye hawezi kuulizwa. Tegesha simu ya zamani ielekee mlango mnaotokea, irekodi, nanyi mwondoke kama siku zote. Mbwa aliyechoka kukaa bure hulala kwanza, baadaye ndipo atafute kiatu cha kutafuna. Mwenye hofu huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza: anahaha huku na huku, anahema, ute unamtoka hadi sakafu inalowa, anakwaruza mlango ule ule mliotokea, anakojoa ndani ingawa amefundishwa. Mwachie kipande cha nyama. Asipokigusa, kisha akakila mara tu mnaporudi, hiyo ni dalili nzito. Akibweka pikipiki zikipita tu, huyo analinda.

Lakini ute ukimtoka hata mkiwepo, sauti ikabadilika, akashindwa kumeza au akang'ata ovyo, kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Msimguse. Fungeni mlango wa alipo, mwiteni daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Tafadhali usimchape ukirudi. Kichwa anachoinamisha si kukiri kosa, anausoma uso wako. Wala usimfungie bandani ili atulie, kwani mwenye hofu hii anaweza kuvunja meno na kucha kwenye nondo. Shika funguo, kisha kaa uendelee na kazi, mara kadhaa kwa siku, mpaka mlio wa funguo usimshtue tena. Ndipo utoke sekunde tano na kurudi kabla hajaanza kulia. Kisha kumi, tano tena, ishirini. Wengi huharibu kwa kuruka kutoka dakika mbili hadi saa nzima. Kipindi hicho chote asiachwe peke yake nje ya mazoezi. Hali ikiwa mbaya, daktari wa mifugo anaweza kuongeza dawa, lakini mazoezi yaendelee.

Kwa mtoto, kulia mama akiondoka huanza kabla hajatimiza mwaka, na kwa kawaida hupungua akikaribia miaka mitatu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikiona kilio hicho vijijini karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, alipowafuatilia watoto wachanga wa Kiganda na mama zao. Chekechea mpya huweza kukirudisha kilio hicho wiki chache. Muulize mwalimu: ananyamaza baada ya dakika ngapi, na anacheza? Akicheza baada ya dakika kumi, usihangaike.

Hangaika tumbo likimuuma kila Jumatatu asubuhi na kupona Jumamosi, akiota umepotea, akikataa kulala bila wewe, akikufuata hadi chooni, akiuliza kama utakufa. Madaktari hutafuta dalili tatu au zaidi, zilizodumu angalau wiki 4 na kuvuruga maisha yake. Kabla ya hapo apimwe malaria, minyoo na mkojo. Na kama alishazoea shule kisha akaogopa ghafla, uliza kwa upole kama anachapwa au kuna mtu anamgusa. Hofu hiyo ina chanzo chake, na lazima kikomeshwe.

Usimtoroke akiwa anacheza. Kesho atakuganda zaidi. Muage kwa maneno yale yale, chini ya dakika moja, umwambie, "Nakuja mkishamaliza chakula cha mchana," na ufike kweli. Mkatie kipande cha kanga yako akiweke mfukoni. Siku tumbo linauma bila homa wala kuhara, aende shule hivyo hivyo. Akibaki nyumbani, kesho litauma zaidi.

Nitumie nusu saa ya kwanza ya hiyo video, na majibu ya mwalimu.

Mama yako