Viputo katika rezini ya kukerezea kalamu

Ndugu, umeuliza kwa nini vipande vya rezini (plastiki ya majimaji inayoganda) unavyomimina nyumbani hutokeza vitundu kila unapovikereza kuwa kalamu, ingawa kwa nje vilionekana laini. Vitundu hivyo ni viputo vya hewa iliyoingia wakati wa kukoroga, na keezo, yaani mashine ya kukerezea, huvifunua tu. Ikiwa unatumia epoksi, aina ya rezini, inayoganda polepole, simamisha chupa zake zikiwa zimefungwa katika maji ya uvuguvugu, pima kwa uwiano wa mtengenezaji ukiangalia kama ni wa uzito au wa ujazo (kukisia kwa macho huacha rezini inayonata), koroga taratibu, kisha mimina kwa mkondo mwembamba kutoka pembe moja ya kalibu. Poliurethani, aina nyingine ya rezini ambayo huganda kwa dakika chache, haiviachii viputo muda wa kutoka. Ni lazima iwekwe katika tangi la shinikizo (chombo cha hewa iliyoshindiliwa), kwa kawaida pauni 40 hadi 60 kwa inchi ya mraba, mpaka igande kabisa, na kamwe usitumie chombo kisichotengenezwa kuhimili shinikizo hilo. Ukichanganya na mbao, zikaushe vizuri kwanza, kwani unyevu huifanya poliurethani itoe povu.