Mkutano wa mtaa umegeuka vita, nifanyeje?

SWALI: Mjomba shikamoo. Mi ni katibu wa kamati ya mtaa, sasa kuna mtu kaleta ombi la kujenga ghorofa 4 kwenye kiwanja kilichokaa wazi miaka yote, tukaitisha mkutano juzi, watu wakamzomea mchora ramani mpaka akakunja makaratasi yake, na mimi nikaambiwa nimekula hela. Wapo wanaonifata pembeni kusema hawana shida na hizo nyumba ila mbele za watu hawathubutu. Wiki ijayo natakiwa niitishe mwingine, usingizi sina. – Katibu niliyechoka

JIBU: Marahaba, pole sana. Hebu niambie, huyo mchora ramani alivyokuja, ramani ilikuwa imeshaisha? Maana kama ilishapigwa rangi mpaka na vimiti pembeni basi watu hawakuitwa kutoa maoni, waliitwa kutazama, na mtu mzima akishaligundua hilo atazomea tu, hana kingine cha kufanya. Mwaka 1969 mama mmoja wa Marekani, Sherry Arnstein, aliupanga ushirikishwaji wa wananchi kama ngazi ya hatua 8, chini kabisa watu wanachezewa akili, juu kabisa wanashika usukani wenyewe, na kupewa taarifa au kuulizwa maoni viko katikati, kwake yeye hizo bado danganya toto.

Kwahiyo huo mkutano wa maiki moja ahirisha kwanza. Tandika ramani mezani, meza tatu nne, watu sita sita na kalamu, kila mtu aweke alama pale panapomuuma. Utashangaa. Yule aliyekuwa anapiga kelele "hatutaki ghorofa!" utakuta kachora mshale kwenye dirisha moja tu la ghorofa ya 3 linaloangalia uani kwake, mwingine anauliza maji ya mvua yataelekea wapi. Dirisha linahamishika bwana, mtaro unachimbika. Ila yale yasiyobadilika wataje mapema, usimwache mtu abishane wiki tatu kuhusu kitu kilichokwisha kuamuliwa.

Hao wanaokufata pembeni usiwapuuze. Kuna watafiti walipitia mihtasari ya mikutano ya namna hii huko Massachusetts, wakakuta wanaosimama kuongea wengi ni wenye nyumba zao, umri umeenda, na wengi wao wanapinga. Mpangaji anayetoka kazini usiku humuoni. Mfate mlangoni, au mpe karatasi ajaze bila jina.

Lakini pia usije ukadhani kila anayepinga ni mkorofi. Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, na majirani zake kule New York miaka ya 60 waliikataa barabara kuu iliyotaka kukata Manhattan ya chini, haikujengwa, na hoja zao zilikuwa na kichwa na miguu.

Kwenye hela sasa, bandika ukutani nani kalipia viti na kiasi gani, na mkikutana tena anza na orodha: mlisema hivi, hiki kimebadilishwa, hiki kimekataliwa kwa sababu hii. Na wewe usimjibie mwenye mradi hata siku moja, aje mwenyewe. Akiulizwa magari yatapaki wapi akajibu ovyo, andika vilevile alivyojibu.