Kipyenga Kikae Mkononi

Wadogo zangu mliomaliza kozi ya awali ya uamuzi, hongereni. Sheria zote 17 mmezisoma, mtihani mmefaulu, na najua wapo walioshanunua jezi. Sheria zinasomeka. Kinachomuumbua refa mpya ni pupa.

Moja ya mechi zangu za mwanzo ilikuwa fainali ya ndondo, uwanja wa vumbi, mbuzi wa zawadi kafungwa pembeni anakula maboksi. Kipindi cha pili, bado 0-0, mshambuliaji akakwatuliwa hatua mbili nje ya boksi. Mimi nilikuwa nakimbia na kipyenga mdomoni kama trafiki, nikapuliza palepale. Kumbe mpira ulishamfikia mwenzake, na filimbi inalia ndiyo kwanza anaupiga. Ukajiendea wavuni taratibu, kipa kalala upande wa pili. Ukishapuliza, mchezo umesimama. Goli hilo huwezi kulitoa hata uwanja mzima ulie. Nikatoa faulo, wakapaisha, na dakika za mwisho wakafungwa wao. Tulitoka pale tukisindikizwa na mgambo. Mshika kibendera wangu mmoja aliacha kiatu huko.

Tangu siku hiyo kipyenga changu hukaa mkononi. Ule muda wa kukipandisha mpaka mdomoni ndio muda wa kufikiri. Ona mpira umeangukia nani, subiri kidogo; faida kwa timu iliyochezewa faulo isipopatikana ndani ya sekunde chache, sheria inakuruhusu kurudi kwenye kosa la kwanza. Watakuzomea kwamba umechelewa. Waache wazomee.

Kusimama vizuri nako ni kazi ya miguu kabla haijawa ya macho. Kimbia kwa mshazari, mpira uwe kati yako na msaidizi wako, ili ukiinua macho ukione kibendera bila kugeuza shingo. Ukimfuata mchezaji mgongoni utaona mgongo tu, hutaona mguu uliogusa mpira.

Halafu daftari. Wengi wanalidharau, wanaamini kichwa chao. Mwaka 2006, kwenye Kombe la Dunia kule Stuttgart, Graham Poll wa Uingereza alimwonyesha Josip Šimunić wa Croatia kadi tatu za njano katika mechi moja dhidi ya Australia. Ya pili aliiandika upande wa Australia, kwa mchezaji mwenye namba ileile 3, hivyo daftari halikumwambia kwamba mtu huyu anatakiwa kutoka. Kama yalimkuta refa wa kiwango kile, wewe wa uwanja wa shule ya msingi ni nani? Mimi huandika namba na timu, kisha namtazama mgongoni tena mchezaji kabla ya kufunga daftari. Wanalalamika napoteza muda.

Mazoezi sitayasema sana, mtayaonja wenyewe. Ila mjue kipimo: mwamuzi wa kati wa kiume ngazi ya FIFA hukimbia mita 40 mara 6, kila moja isizidi sekunde 6. Kisha mita 75 ndani ya sekunde 15, anatembea mita 25 ndani ya sekunde 18, anarudia mpaka zitimie mara 40. Hizo ni raundi 10 za uwanja wa riadha. Kinachowaangusha watu si mbio, ni huko kutembea: wanajikokota, filimbi inalia hawajafika kwenye alama. Jizoezeni kutembea.

Beji ya FIFA ina umri wake wa kuanzia: miaka 25 kwa wa kati, 23 kwa msaidizi. Kabla ya hapo kuna madaraja ya kupanda na miaka ya kuchezesha kwa posho ya nauli na soda, tena wakati mwingine hiyo posho mnaisubiri mpaka mashindano yamesahaulika. Mimi kuna ambayo bado naidai. Kwa hiyo usiache kazi. Howard Webb aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia 2010 alikuwa polisi. Salima Mukansanga wa Rwanda, mwanamke wa kwanza kushika kipyenga katikati kwenye AFCON ya wanaume, Januari 2022, alisomea uuguzi. Dada zetu mnaojiuliza kama pana nafasi, mtazameni huyo.

La mwisho, ripoti. Andika usiku uleule, kabla hujaoga ikibidi, kabla viongozi wa timu hawajaanza kupiga simu kukukumbusha walichokiona wao. Andika dakika, namba ya jezi, alichofanya na neno alilotamka kama lilivyo, hata likiwa tusi. Nakala baki nayo. Na simu ikiita usiku huo kwa namba usiyoijua, acha iite.