Shangazi, mbona tumbo tu?

Shangazi shikamoo, nipo chuo hapa Tanga mwaka wa pili, mwili wa kawaida ila tumbo limetoka mpaka zipu ya sketi haifungi, tatizo nini?

Marahaba mwanangu. Chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ikizidi sentimita 80 ujue mafuta yamejaa ndani, na hayo ndo yanakaribisha kisukari na presha hata kama mikono myembamba. Sasa sema kweli, chipsi mayai saa nne usiku, bodaboda mpaka Ngamiani, kulala saa nane kisa simu… na soda je? Mililita 350 ni sukari kama vijiko 9 vya chai, jamani! Anza na hiyo. Ila kama siku zako zinarukaruka na vindevu vinachomoza, nenda hospitali wakucheki homoni, hapo usisingizie chipsi.