Tazama anwani inaishia na tarakimu gani

Kama unaandika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) yako mwenyewe na inakufa leo, kesho inapona bila sababu, kabla hujagusa kingine chapisha anwani zinazotolewa na kigawa kumbukumbu chako, yaani sehemu inayowagawia waombaji vipande vya kumbukumbu. Tazama tarakimu ya mwisho. Mimi ningeambiwa hivyo mapema ningeokoa siku 4 na usingizi wangu.

Kerneli yangu ya prosesa za x86-64 ilikuwa ikipokezanisha michakato vizuri kabisa. Nikarefusha jina la mchakato mmoja kwa herufi chache, ikaanza kufa. QEMU, programu inayoiga kompyuta, ikaonyesha v=0d, yaani kosa namba 13. Nikakimbilia majedwali ya kurasa (yanayoelekeza anwani za programu kwenye kumbukumbu halisi), ilhali kosa la kurasa ni namba 14! Tafadhali usipite njia hiyo.

Tatizo lilitokea kwenye FXSAVE, amri inayohifadhi rejista za hesabu za desimali katika eneo la baiti 512. Prosesa inataka eneo hilo lianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 16, yaani kwa heksadesimali iishie na 0. Yangu iliishia na 8, ndiyo maana ya kosa namba 13.

Kila kipande cha kumbukumbu nilikuwa nimekitanguliza kichwa cha baiti 24, chenye maelezo ya kipande hicho. Tuseme hipu (eneo ambamo kigawa hukata vipande) inaanzia 0x4000: data ya kwanza inakaa 0x4018. Ukiomba baiti 32, data ya kipande kinachofuata inakaa 0x4050, salama kwa bahati tu. Ukiomba 40, inaangukia 0x4058. Lile jina refu lilikuwa limesogeza kila kilicholifuata.

Nikakimbilia kukweza ukubwa ulioombwa hadi ugawanyike kwa 16, kwa (n + 15) & ~15, nikaona nimemaliza. Wapi! Mchakato wa kwanza ulikufa, wa pili ukapona, maana kichwa cha 24 bado kilisukuma anwani baiti 8 kila zamu. Kinachopaswa kupangwa ni anwani unayomkabidhi mwombaji. Nilikikuza kichwa hadi baiti 32, hali ikatulia. Na ukifika kwenye XSAVE, ndugu mkubwa wa FXSAVE, inayotaka anwani inayogawanyika kwa 64, au majedwali ya kurasa yanayotaka 4096, mruhusu mwombaji ataje mpangilio anaoutaka.

Kisha weka ukaguzi mwishoni mwa kigawa: anwani isiyogawanyika kwa 16 isimamishe kerneli papo hapo, kwa ujumbe unaosomeka. Wangu ulinasa kosa jingine baada ya wiki moja tu. Kerneli ilikuwa imekua, linka (programu inayounganisha sehemu za kerneli) ikaimalizia kwenye anwani inayoishia na 4, na hipu yangu ilikuwa inaanzia hapo hapo.